King'ora Bila Gari

Gari la zimamoto lilikuwa limekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Wakubwa walitaka kila idara ikaze mkanda hadi deni la bomba jipya la mafuta la serikali lilipwe. Dereva wake, mtu wa mizaha, alisema wao wamekaza mpaka matairi yamekatika.

Asubuhi hiyo hakutania. Bomba lilikuwa limepasuka nyuma ya nyumba ya dada yake, petroli inatiririka mtaroni, na mtaa mzima umeshuka na ndoo. Dereva alifungua king'ora cha gari, akakiunga na betri, akavipakata vyote na kudandia pikipiki ya kukodi. Wakisikia watakimbia, alijipa moyo.

Kweli walikimbia. Ndoo zilitupwa, mama mmoja akaacha hadi kandambili. Harufu ilimkaba dereva koo. Mtaroni alibaki mtu mmoja, petroli magotini, anacheka: dada yake.

"Nyie, rudini! Huyu si mdogo wangu? Gari lao halina hata tairi, alituambia mwenyewe tukavunjika mbavu!"

"Dada, toka. Nakuomba."

"Nitoke niende wapi? Kodi yetu ndiyo hii inamwagika. Acha nichote fungu langu."

Watu wakaanza kurudi. Ndipo dereva alipotazama mikono yake. Nyaya alizofunga kwa haraka zilikuwa zimelegea, na mmoja ukarusha cheche. Akizima, cheche. Akiweka chini, cheche. Akakikumbatia kile kidude kinachopiga kelele, kama mtoto mwenye degedege, akaanza kurudi kinyumenyume, polepole.

"Unakwenda wapi, shujaa?" dada akamtania.

Alitaka kujibu, meno yakagongana tu. Dada akamtazama usoni. Alikuwa hajawahi kumwona akikosa neno, hata kwenye msiba wa baba yao. Kicheko kikamkauka. Akaiachia ndoo, akaparamia ukingo wa mtaro, akawasukuma waliokuwa wakirudi.

"Kimbieni! Huyu ameogopa kweli! Kimbieni!"

Kisha akamfuata mdogo wake, mikono mbele, amsaidie. Gauni lilikuwa likidondosha petroli.

"Usije!" Sauti hatimaye ikamtoka dereva. "Dada, usinikaribie!"

Dada akasimama, mikono bado hewani. Dereva akaendelea kurudi nyuma peke yake, akimwomba Mungu betri hiyo ife upesi, kama vifaa vyote vya serikali.