Pumzi ya Mstari wa Tatu

Kanisa letu la Bukoto lilipoamua kumheshimu bibi yangu, jambo la kwanza lililofanya ni kumnyang'anya kinanda.

Halikusema hivyo, bila shaka. Kanisa halinyang'anyi. Kamati ya Shukrani ilikaa, ikaomba, ikanywa soda, kisha ikatangaza kwamba Mama Joska Lamwaka, aliyepiga kinanda katika ibada ya Kiswahili tangu mama yangu hajazaliwa, sasa apumzike kwa heshima. Angepewa vazi jipya la gomesi, kiti cha mbele, keki, na cheo cha Mama wa Kwaya, ambacho kazi yake ni kukaa. Kinanda kingekwenda stoo pamoja na mabenchi yaliyovunjika na yule punda wa maboksi wa mchezo wa Krismasi, aliyepoteza kichwa. Muziki ungeshikwa na Tresor, kijana aliyetoka Bukavu na kibodi yake ya umeme.

Mwenyekiti wa kamati ni Afande Obura, polisi mstaafu anayeendesha kila jambo kama gwaride. Alikuja nyumbani kutoa taarifa akiwa amesimama wima. Bibi yangu, ninayemwita Jaja kama watoto wengi wa Kampala, alimsikiliza, akamshukuru, akamwongezea chai. Chini ya meza miguu yake ilikuwa inakanyaga: kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Miguu hiyo inahitaji maelezo. Kinanda cha Jaja ni cha kukanyaga. Mikono hupiga juu, miguu husukuma pedeli mbili chini ili hewa iingie; bila hewa hakuna sauti. Kwa kuwa amekanyaga karibu maisha yake yote, miguu yake imesahau kazi nyingine. Hukanyaga akimenya ndizi. Hukanyaga akisubiri daktari kule Mulago. Lakini wiki ile ilizidi. Alianza kufagia ua akaacha katikati, akaenda kupanga vikombe, akavipangua, akanituma dukani kununua chumvi wakati tulikuwa nayo. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, mahali nilipojifunza mambo mengi yenye manufaa, yakiwemo namna ya kumlaza chura ndani ya dawati la kiranja na namna ya kuvaa uso wa huzuni wakati wa uchunguzi. Kumtuliza bibi asiyetulia hawakutufundisha.

Alilisema mara moja tu. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, akitazama upande wa kanisa.

"Abwola, mtu akikwambia pumzika, na wewe hujachoka, anataka nini?"

Nikamwambia labda anakupenda, Jaja.

"Ndiyo. Hata babu yako, alipostaafu, polisi walimpenda. Walimpa saa ya ukutani, akakaa kuitazama mpaka akafa."

Akatoka kwenda kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Basi mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, nikaamua kulisaidia kanisa.

Kinanda kile kina ugonjwa. Mfuko wake wa hewa ulichanika zamani, ukatiwa kiraka cha mpira wa tairi, na bado unavuja. Katika kila wimbo, hewa huisha mwisho wa mstari wa tatu. Jaja huinua mikono, hukanyaga mbio mbio mpaka mfuko ujae, kisha huingia mstari wa nne. Na kanisa zima husubiri. Watu wa kambi ya polisi iliyo jirani, wafanyabiashara wa Kikongo, watoto wa shule ya Jumapili, wote hufika mwisho wa mstari wa tatu, hunyamaza, hupumua, hurekebisha vitambaa vya kichwa, huwafinya watoto wanaocheza, kisha huendelea. Wanaamini wimbo uliandikwa hivyo. Mimi mwenyewe, Jumapili yangu ya kwanza shuleni, nilisimama mwisho wa mstari wa tatu, wenzangu wakaniacha hapo, na hadi leo bweni zima huniita Breki.

Tresor hakujua. Alikuwa akisali kanisa jingine huko Namuwongo. Na kwa kuwa Afande alitaka wimbo wa heshima uwe siri, na kwaya yetu haijawahi kutunza siri, aliamuru kijana afanye mazoezi peke yake.

Alikuja kuniuliza ni wimbo gani bibi yangu anaupenda. Nilifikiri kwa muda unaofaa, nikamtajia wimbo wa mavuno, ambao una beti nyingi kuliko nyimbo nyingine zote. Akauliza kama una mahali pagumu. Nikamwambia kanisa zima linaujua kwa moyo. Hakuna neno la uongo hapo, mtu yeyote anaweza kulikagua.

Tatizo la Tresor ni kwamba ni mtu mzuri. Viatu vyake vyeupe huving'arisha kwa dawa ya meno. Aliniambia kamati ikimkubali, hiyo itakuwa kazi yake ya kwanza Kampala isiyo ya kubeba magunia. Nilimsikia. Nilichagua kutomsikia sana.

Jumapili ikafika. Jaja akaketishwa mbele, akitazamana na watu, kwenye kiti kikubwa kilichofunikwa kitambaa cha lesi na kufungwa maputo, mabega ya gomesi yake yamechongoka mpaka masikioni. Mahali pa kinanda palikuwa na maua ya plastiki. Afande aliniweka kando ya Jaja na amri moja: asiinuke.

Hotuba zikaanza. Mama Bibiane, anayeuza vitenge sokoni, alisimulia jinsi Jaja alivyompigia kinanda siku ya harusi yake na tena siku ya kumzika mumewe, na mara zote mbili alifika kabla ya mchungaji. Mchungaji alisimulia mafuriko, malaria na mvua ya mawe, na kwamba katika hayo yote hakumbuki Jumapili aliyofungua ibada bila kumkuta Mama Joska tayari yuko kwenye benchi lake, viatu amevivua, anaomba. Watu waliitikia amina. Wengine walifuta macho. Jaja aliniinamia.

"Mimi nimekufa?"

Nikamwambia bado, keki haijakatwa. Lesi ya kiti ilikuwa inatikisika kwa sababu ya miguu yake.

Kisha Afande akapiga mguu chini, akatangaza wimbo.

Tresor alianza vizuri. Sauti ilikuwa pana na safi, yenye ngoma zake ndani. Watu wakasimama kwa furaha. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kanisa likanyamaza, likapumua, likafinya watoto. Kibodi ikaendelea na safari peke yake. Watu walipoingia mstari wa nne, Tresor alikuwa ameshafika ubeti wa pili.

Akaongeza sauti. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa nusu ya watu walimfuata yeye na nusu wakafuata mapafu yao. Mama Bibiane alifumba macho akaimba kwa saa yake mwenyewe. Afande alianza kupiga hatua papo hapo, kushoto kulia, na hakuna aliyemfuata hata kidogo. Mimi nilisimama kwa adabu, mikono nyuma, nikisubiri matunda. Nayo yalikuja: Afande alitoa funguo za stoo mfukoni, akawapungia vijana wawili wakae tayari. Kinanda kilikuwa kinarudi.

Lakini vicheko vilianza. Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikauliza huyu wamemwokota wapi, na wengi wakacheka. Tresor aliisikia. Aliendelea kupiga, ila akawa anakosa hata mahali alipokuwa akipapata.

Jaja hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Nani alichagua wimbo?"

Nikavaa uso wa uchunguzi. Uso huo haujawahi kuniangusha mbele ya mwalimu mkuu. Mbele ya Jaja ulidumu kama barafu juani.

Akainuka. Mimi, mlinzi wake, nikampisha. Watu waliona anaelekea stoo, wakamfungulia njia, na Afande akamnyooshea funguo. Akampita. Akayapita maua ya plastiki. Akasimama kando ya Tresor, akavua kiatu, akaweka mguu wake juu ya kiatu cheupe.

"Sikiliza mguu, mwanangu. Nikikandamiza, ngoja. Nikiachia, twende."

Wakaanza ubeti upya. Mwisho wa mstari wa tatu akakandamiza. Tresor akainua mikono. Kanisa likapumua, kitambaa kikarekebishwa, mtoto akafinywa. Akaachia, na mstari wa nne ukaingia na watu wote ndani yake.

Jaja alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba, maana siku zote kinanda humfunika. Sauti yake ni mbaya sana. Niliisikiliza ubeti baada ya ubeti, nikaelewa anachofanya. Angekaa tu kitini, angeshinda. Sasa alikuwa anamkabidhi Tresor kitu pekee ambacho kibodi haikuwa nacho, na baada ya hapo hakuna ambaye angehitaji kufungua stoo.

Wimbo ulipoisha, Afande alimwomba kwa heshima arudi kwenye kiti chake. Jaja akatafuta kiatu chake. Tresor akawahi kuinama, akamvalisha, na akabaki ameinama.

"Mama, nyimbo zingine nazo zinangoja hivyo?"

"Zote."

"Basi mimi peke yangu siwezi."

Akainuka, akazichukua funguo mkononi mwa Afande, ambaye hakuwa na amri ya jambo kama hilo, akatoka. Tulisikia mabenchi yakisukumwa. Akarudi na wale vijana wawili wamebeba kinanda, punda asiye na kichwa amepanda juu. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama Bibiane aliyaondoa maua.

Jaja akakaa kwenye benchi lake ili afunge ibada. Akaweka mikono. Akaweka miguu. Goti lililokuwa limesimamia wimbo mzima likakataa kusukuma. Alijaribu tena, kinanda kikakohoa.

"Breki," akasema. Sijui nani alimwambia jina hilo. "Leta kile kiti."

Ndivyo nilivyokalia kiti cha heshima, mbele ya kanisa, lesi na maputo vikiwa vimenizunguka, nimejipinda upande ili miguu yangu ifikie pedeli. Yeye alipiga, mimi nilikanyaga. Hewa iliisha mwisho wa mstari wa tatu kama kawaida, watu wote wakasubiri, na waliyekuwa wakimsubiri ni mimi.

Tangu hapo ni kila Jumapili: kinanda wimbo wa kwanza na wa mwisho, kibodi katikati, mguu wa Jaja juu ya kiatu cha Tresor kwa zile nyimbo ambazo hajazizoea. Shule inafunguliwa Jumatatu. Hakuna aliyesema nani atakanyaga nikiondoka, na goti halijapona. Jana wakati wa chakula Jaja aliinua kitambaa cha meza, akatazama chini, akaendelea kula. Nikatazama na mimi. Miguu yake ilikuwa imetulia. Yangu ilikuwa inakwenda, kulia, kushoto, na nilipoiamuru iache, haikuacha.