Barabara ya Kwenda Fizi

Laurette alijifunza kuendesha pikipiki kwao Uvira akiwa bado msichana wa shule, na tangu hapo hakuwahi kuiacha. Alipokuwa muuguzi wa misheni, kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo kwa barabara ya kando ya ziwa: Mboko, Baraka, hadi Fizi kule juu, sanduku la barafu likiwa limefungwa nyuma yake na tope likimfika magotini. Wenzake walimhurumia. Hakumwambia mtu kwamba kilichomuuma ni safari kuisha.

Vita vya mwaka 1996 vilimtoa yeye na mdogo wake Tina, vikawafikisha Durban. Wakapanga chumba Albert Park. Tina alisuka nywele saluni, na Laurette akapata kazi Glenwood, kwenye gereji ya pikipiki ya Gilbert, Mtanzania wa Moshi. Mama yao alikataa kuondoka Uvira. Habari zake walizipata kwa simu ya jirani yake, Spès.

Gilbert alikuwa mtu wa mashindano. Kila Jumapili alikuwa uwanja wa mbio nje ya mji, akizunguka lami kama anayefukuzwa, na Jumatatu alikuja na maneno.

"Dada Laurette, kule uwanjani ndiko mwendeshaji anakojulikana. Wewe safari zako ni kama za mzee anayekwenda shamba."

"Na wewe unakimbia asubuhi nzima, unashukia palepale ulipopandia. Njiani ulikunywa chai kwa nani?"

Wakacheka. Hata hivyo ni Gilbert huyohuyo aliyempa pikipiki kuukuu ya gereji aitembelee, na siku za mapumziko Laurette alikwenda nayo hadi mji wa mbali wa Kokstad, akarudi uso umejaa vumbi na moyo mweupe.

Agosti 1998 redio ikatangaza vita tena. Simu ya Spès ikawa haiiti. Laurette alivumilia mpaka akashindwa, akafunga begi nyuma ya pikipiki.

"Yaya, unaenda wapi?" Tina aliuliza, akimwita dada yake mkubwa kama wanavyoitana kwao Uvira.

"Kwa mama. Njia naijua."

"Njia unaijua, sawa. Na mipaka?"

Laurette aliwasha pikipiki. Alipita Johannesburg, akashika barabara ya kaskazini mpaka penye daraja la mto Limpopo. Njia nzima alisikia raha ya safari, ile ya zamani, na raha hiyo ikamtia aibu, maana mama yake alikuwa vitani.

Mpakani, ofisa kijana aliisoma karatasi yake ya kuomba hifadhi, akairudia.

"Eish, mama. Ukivuka na hii, huku hurudi tena. Na wa ng'ambo hawatakupokea."

"Mama yangu yuko kwenye vita."

"Nimekusikia," kijana alisema, na uso wake ulionyesha kwamba kweli amesikia. Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Laurette alikaa kando ya barabara, akatazama malori yakivuka. Pikipiki ilikuwa nzima, tangi limejaa, na hakukuwa na la kufanya nayo ila kuigeuza.

Aliporudi Durban, Gilbert alimsikiliza mpaka mwisho. Jumapili akampeleka uwanjani, akampa kofia na pikipiki yake ya mbio.

"Endesha tu, dada. Kichwa kipumzike."

Akaendesha. Mzunguko wa kwanza aliziogopa kona, kisha akaacha kuziogopa, kwa sababu hakujali tena. Watu ukingoni wakainuka kumtazama. Aliposhuka, Gilbert alimjia mbio na saa mkononi.

"Umenipita. Unajua kwamba umenipita?"

Laurette alivua kofia. Alitaka kufurahi, walau kwa ajili ya Gilbert, aliyempenda kama kaka. Mbele yake palikuwa na lami ileile na uzio uleule.

"Asante," alisema. "Nipeleke nyumbani."

Tina alimngoja mlangoni. Spès alikuwa amepiga simu saluni kutoka Bujumbura, alikokimbilia. Mama alikuwa ameondoka Uvira kwa miguu na kundi la watu, wakielekea Fizi. Simu ilikatika kabla ya kusema zaidi.

Laurette aliketi kitandani bila kuvua jaketi. Barabara ile aliijua daraja kwa daraja. Alijua pikipiki huchukua muda gani kutoka hapa hadi pale. Miguu ya mama yake iliyozoea kuvimba, hakujua.

"Sasa hivi atakuwa amefika wapi?" Tina aliuliza.

"Labda Mboko. Mboko iko watu wazuri. Watamupa maji."

"Na kama hajafika?"

Laurette alifumba macho, akaipita tena njia yote.

"Kabla ya Mboko kuna mto," alisema. "Daraja lake lilikuwa bovu hata wakati wangu."

Tina akaketi kando yake, akaanza kumfungua zipu ya jaketi.