Mkwe wa Ng'ambo ya Ukuta

Kwa mila ya Wanyakyusa, mkazamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Akimwona anakuja njiani, anachepukia shambani mpaka apite. Vijana wa siku hizi wameanza kuupuuza mwiko huo, lakini Stumai, mwalimu aliyetoka Handeni akaolewa Isongole na Anyelwisye, aliushika kwa mikono miwili. Mgeni siku zote anaogopa kuambiwa hakufundwa. Miaka mitatu katika boma lile, hajawahi kuuona uso wa mzee Ambindwile.

Sauti yake ndiyo aliyoijua. Chumba cha mzee kilipakana na jikoni, ukuta ni wa mbao, na Stumai alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: wafalme wa Ulaya wa zamani. Alinunua kitabu chao kinene Mbeya, kwenye mitumba, akakisoma mpaka jalada likabanduka. Jioni, akimenya viazi, alimsimulia mama mkwe jinsi mabwana wakubwa wa Ufaransa walivyogombea heshima ya kumshikia mfalme shati asubuhi. Mama mkwe alisinzia. Msikilizaji alikuwa ng'ambo ya ukuta.

"Mke wangu," mzee alikuwa akisema, "hebu muulize huyo. Mfalme mwenyewe hajui kuvaa shati?"

Stumai alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Walimu wenzake walimkimbia akianza tu kutaja wafalme. Mtu pekee aliyemuuliza swali ni huyu asiyemjua sura, naye alimpenda kwa hilo.

Likizo ya Julai, siku ya ukungu na baridi ya kung'ata, mama mkwe alimwashia mzee jiko la mkaa, akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akapanda bodaboda kwenda sokoni Tukuyu. Anyelwisye alikuwa safarini na lori la viazi.

Lile jiko ndilo lililomkumbusha Stumai kisa kimoja. Kwa kuwa mama mkwe hayupo, akawasimulia maharage aliyokuwa akichambua, kwa sauti ya kupenya mbao.

"Enyi maharage, inasimuliwa kwamba mfalme Filipo wa Uhispania aliketi karibu mno na moto. Jasho likamtoka, akaomba usogezwe. Chumba kimejaa watu! Lakini kuusogeza moto ilikuwa kazi ya bwana mmoja tu, naye hayupo. Basi wakasimama wakimtazama mfalme wao anabanikwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Akashikwa na homa, akafa."

Akangoja swali. Mzee alipenda visa vya wajinga. Kimya. Akatia utani mwingine, akangoja tena. Ndipo akaisikia pumzi nzito, ya kukwama kooni, isiyo ya usingizi.

Alifika mlangoni mbio. Ulikuwa umerudishwa tu.

"Baba! Baba, unanisikia?"

Akaweka kiganja kwenye mbao. Labda amelala bila nguo. Labda anakoroma tu. Watasema nini, mtu wa kuja kamvamia mkwewe kitandani? Alijua, tena vizuri, kwamba anafanya kile alichokuwa akikicheka muda huo huo, na bado mkono haukusukuma. Akageuka, akakimbia bondeni kumwita jirani yao Erasto, aliyekuwa akipalilia.

Erasto hakuuliza. Aliusukuma mlango, akalitoa jiko, akafungua dirisha. Kisha akatoka polepole, akavua kofia.

Msibani wanawake walimsifu Stumai. "Mtu wa Tanga, lakini heshima yake inawashinda mabinti zetu. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu." Kila sifa ilimchoma. Alitamani apatikane hata mmoja wa kumtukana.

Wakati wa kuaga mwili alijificha nyuma ya jikoni, kama inavyompasa mkazamwana. Mama mkwe akamfuata, akamkamata mkono kwa nguvu.

"Krismasi ijayo alitaka tukuondolee mwiko mbele ya wazee," alisema. "Aliniambia, 'Nimechoka kuongea na mbao. Nataka nimwone huyu mtoto.'"

Mama mkwe akamvuta mpaka kwenye jeneza, watu wakapisha.

"Sasa mtazame."

Stumai akatazama. Miaka yote alimwazia mtu wa miraba minne. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa, na Stumai angeweza kumbeba peke yake mpaka nje.