Alichofundishwa Chiriku

Fundi wa rangi alikaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii akijikwangua rangi ya bluu kwenye kucha, roho juu. Mbele ya meza, miguu ikining'inia kitini, alikaa binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo.

"Haya, mwanangu," afisa alimwuliza kwa upole, "ungependa kuishi na nani?"

"Na baba. Mama ananifungia ndani kila siku, naogopa."

Alisema bila kituo, kama anayeghani shairi darasani. Wiki nzima baba yake alimkaririsha pale gereji, milango ya magari ikikauka, na kila alipopatia alimwachia ashike bomba la kupulizia rangi. Ukweli ni kwamba mama alimfungia mara moja tu, akakimbilia dawa dukani. Ile mara moja, fundi aliipiga rangi mpaka ikawa kila siku.

Afisa akaandika. Fundi akamtupia jicho mtalaka wake aliyekaa upande wa pili wa benchi, akitarajia moto. Mwanamke yule akikuchamba, hata majirani huhisi wametukanwa wao. Leo alikuwa amenywea. Alimtazama mtoto, kisha akamgeukia yeye.

"Baba Chiriku, akianza kujikuna shingo, ujue homa inakuja. Usingoje apate joto. Na dawa chungu mpe akiwa amesimama, akikaa anatema."

"Basi, mama..." afisa alijaribu kumkatiza.

"Nisikilize, nisije nikasahau. Taa usimzimie ghafla."

Fundi hakuwa akijua hata moja. Akisema ukweli, anamkosa mtoto. Akinyamaza anampata, na kila Chiriku atakapojikuna shingo, atamkumbuka mwanamke huyu alivyokaa hapa bila kujitetea.

"Dada, futa hayo," alimwambia afisa. "Maneno nimemlisha mimi. Mama yake hana kosa."

"Unajua hili litakuharibia?"

"Najua. Futa."

"Mwanaume mzima!" mtalaka wake alifoka, machozi yakimtiririka. "Hata uongo wako unamtuma mtoto akusemee?"

Fundi aliinamisha kichwa, akaziangalia kucha zake. Chiriku akashuka kitini, akamvuta shati, midomo ikimtetemeka.

"Lakini baba, sikukosea hata neno. Bomba si utanipa?"