Mzazi Aliye Ndani ya Mjamvi

Tuelewane mapema: kazi ya Mama Miche ilikuwa kuokota matapishi ya ndege, na ole wako umcheke. Mjamvi, mti ulioitwa hivyo kwa jinsi ulivyotandaza kivuli kama jamvi, mbegu yake haioti mpaka hondohondo aimeze na kuitema. Wataalamu waliiosha, wakaikwaruza, wakaichemsha, mbegu ikanuna tu. Basi kila msimu Mama Miche na wifi yake, ambao ndio waliokuwa kitalu kizima, walipanda mlimani kuinama chini ya viota, wakajaza ndoo, wakarudi kusia.

Na hondohondo ana mambo yake. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, akauziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani hunyonyoka manyoya, hawezi kuruka hata umfukuze kwa fimbo. Dume ndiye humletea matunda, naye jike hutema mbegu nje kupitia ufa uleule. Mama Miche na wifi yake walimwita "mzazi", kama mwanamke aliyejifungua juzi, na utani wao wote ulianzia hapo.

"Umemwona mume huyo?" Mama Miche angesema. "Mimi nilipojifungua, kaka yako aliniletea nini?"

"Alikuletea mimi nikufulie nepi," wifi angejibu. "Na asante sijaisikia mpaka leo."

Moto ulikuja wakati wazazi wote wako ndani. Hilo ndilo linalouma, jamani. Ungekuja mapema kidogo, au ungechelewa, wangeruka kama madume walivyoruka. Ulipozimika, konokono walikuwa maganda meupe, kinyonga alikuwa mkaa bado ameshika tawi, na vyura wa kijitoni hata mifupa hawakuacha. Kisha mvua ikanyesha, mlima ukawa kijani, watu wa mjini wakaja kupigana picha wakisema msitu umerudi. Msitu gani? Gugu la aina moja tu, kuanzia chini mpaka kileleni! Ukisimama katikati yake husikii hata nzi.

Bwana misitu alifika kitaluni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie.

"Nimepewa agizo," alisema. "Matuta yote yapandwe mikaratusi, kwa sababu inakua haraka. Mkinionyesha mbegu mpya za mjamvi, nitawaachia matuta yenu. Bila mbegu sina la kujitetea." Akaona nyuso zao, akataka kufariji. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo tunalo," wifi akamjibu. "Mhunzi ndiye aliyeungua."

Walizunguka mlima mzima, tundu baada ya tundu, na kila tundu lilikuwa jivu. Walikuwa wameshakata tamaa walipomwona dume mmoja anapita juu yao, tunda jeusi mdomoni. Walimfuata kwa macho mpaka kwenye mjamvi uliobabuka upande mmoja. Alitua, akaliingiza tunda kwenye ufa, akaondoka.

Mama Miche aliketi kwenye masizi akacheka, kisha akalia. Waokota mbegu wana neno lao: dume akibeba, ndani mna mtu. Halijawahi kuwadanganya.

Wifi alikuwa ameshainama. "Mbona chini hakuna mbegu?"

"Panya wamezibeba."

"Panya gani, wifi yangu? Tangu moto, umemwona panya wapi?"

"Basi mvua imezisomba. Mbona unapenda mkosi wewe?"

Mfa maji hushika maji, na Mama Miche alikuwa ameyashika kwa mikono miwili. Kufungua tundu haikuwezekana. Ukibomoa ule udongo, mzazi anatishika na makinda yanakufa. Kwa hiyo alingoja. Kila asubuhi alipanda mlima, akamkuta dume yuleyule analeta, kakonda, mbavu zinahesabika. Inaonekana alichopata alileta chote. Mama Miche alisimama chini ya ufa akasema, "Kula taratibu, mama, hakuna anayekufukuza." Kule chini akamwahidi bwana misitu kwamba mbegu zinakuja. Bwana misitu, kwa huruma yake, akaizuia mikaratusi njiani.

Muda wa makinda kutoka ukafika, ukapita. Pale mtini pakaanza kunuka matunda yaliyochacha. Siku hiyo wifi alikuja na ngazi begani, hana utani hata chembe.

"Nimeishika," alisema. "Panda wewe, au nipande mimi."

Mama Miche alipanda. Ule ufa ulikuwa umejaa matunda mpaka mdomoni, la juu bado bichi, limesukumizwa juu ya mengine. Aliugonga udongo kwa ncha ya panga, na matunda yakamwagika, yakampita usoni, yakaanguka chini puu, puu. Hakuna hata moja lililokuwa limedonolewa. Chini yake kabisa alikuwepo mzazi, mkavu, mdomo umeelekea kwenye ufa, kinda limefunikwa kwa bawa. Moto haukumgusa. Moshi ulimmaliza siku ileile ya kwanza, na siku zote hizo Mama Miche alikuwa akimwambia maiti ale taratibu.

Alilirudisha panga kiunoni. Dume alikuwa ameshafika, katua tawi la pili na tunda lake, anangoja mtu ampishe. Mama Miche akashuka.

Dume akaja, akaliingiza tunda kwenye tundu lililo wazi. Likabingirika, likaanguka miguuni mwao. Akainamisha kichwa akalitazama, akaruka kwenda kutafuta lingine.

Wifi alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa khanga. "Sasa bwana misitu tutamwambia nini?"

Mama Miche alianza kuikunja ngazi.

"Mwambie ailete hiyo mikaratusi."