Sweta Iliyochemshwa

Ukitaka kujua kama sweta ni ya sufu au ya nailoni, vuta uzi mmoja pindoni, uuchome kwa kiberiti, unuse. Ukinuka nywele zilizoungua, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda ukawa kipunje cheusi, irudishe kwa aliyekuuzia au mpe mtu usiyempenda.

Zile za sufu mimi huzichemsha. Sweta ya sufu ikichemshwa kwa sabuni na kusuguliwa vizuri hujikunja, hunenepa, na upepo haupenyi tena. Hapo ndipo naikata glavu. Wateja wangu wengi ni watu wa boda boda wa Mutuini, ninakokaa, ambao Julai saa kumi na moja alfajiri hawazihisi ncha za vidole vyao. Glavu yangu ina chumba cha kidole gumba, chumba cha vidole viwili vya breki, na viwili vilivyobaki hulala pamoja kwenye joto. Mwanzoni nilivifungia vyote vinne chumba kimoja, mteja akashindwa kushika breki, akaingia na pikipiki kwenye sukuma wiki za watu. Hakuumia, lakini alirudi kunieleza, na hakutumia maneno ya kanisani.

Kibanda changu kiko Kenyatta Market, upande wa wasusi, mbali kidogo na moshi wa nyama choma. Ninafanya kazi na Kanyiva, mama wa Kikamba aliyenizidi miaka kumi, ambaye zamani alikuwa akifulia watu nguo mtaa wa Jamhuri. Yeye huchoma uzi, hukata vifungo na kuviweka kwenye mkebe, kisha huchemsha. Siku ya kwanza nilimpa sheria moja tu: kilichomo guniani kinaingia sufuriani. Asiniulize sweta moja moja, nina kazi. Na Kanyiva si mtu wa kuambiwa mara mbili.

Sasa nieleze habari ya sweta ya mume wangu.

Odhiambo alikuwa na sweta ya vifungo, ya kijivu, yenye mstari wa kahawia kifuani. Aliinunua mtumba mwaka tuliohamia Mutuini, na kila Desemba alisafiri nayo kwao, kando ya ziwa, ambako hata kuku hutafuta kivuli. Huko aliivaa kutwa nzima, vifungo vyote vimefungwa, jasho likimtiririka, ili watu waone kwamba ametoka Nairobi kwenye baridi. Walimcheka. Akaivaa mpaka kanisani. Kwa hiyo hakuna mtu kwao asiyeijua sweta ile. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, siku ya kugawa nguo za marehemu ilifika, nguo zikatandazwa mkekani ndugu zake wachague, na kila mtu aliona haipo.

"Iliibwa kwenye kamba," nilisema.

Nairobi nguo huibwa kwenye kamba, hilo halina ubishi. Mama mkwe wangu, Rael, alinitazama muda mrefu kuliko wengine, halafu akaangalia mkeka.

Sweta ilikuwa ndani ya sanduku langu chini ya kitanda, nimeifunga kwa karatasi ya nailoni mara mbili. Ilikuwa bado na harufu yake: moshi wa makaa, dawa ya kuchua kifua, na kile kingine kisicho na jina ambacho kilikuwa yeye mwenyewe. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilifungua, nikavuta pumzi mara moja, nikafunga haraka isije ikaisha. Nilimpenda yule mwanamume, na ile harufu ndiyo iliyokuwa imebaki. Mtu akitaka kuniita mwizi, aniite.

Julai mwaka huu shemeji yangu Omollo alipiga simu: Mama anakuja Nairobi kuonyesha macho hospitalini, atakaa kwangu wiki moja. Nyumba yangu ni chumba kimoja. Mama ni mtu mwema, lakini hawezi kulala karibu na sanduku bila kupanga vilivyomo. Nikafikiri: penye sweta mia, nani ataona moja? Asubuhi ya siku aliyokuwa akifika nikaibeba hadi kibandani, nikaisukuma chini kabisa ya gunia la pili, ambalo lilikuwa la kuchemshwa wiki iliyofuata. Kanyiva sikumwambia kitu. Uongo wa msibani humwambii mtu wa kazini. Nilijiona mjanja sana.

Alhamisi nilimpeleka Mama hospitalini. Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi, daktari akampa dawa ya matone na kumwambia macho yake bado yana safari. Tulipotoka alisema anataka kuona ninapofanyia kazi. Tukafika kibandani kama saa tisa.

Sufuria ilikuwa bado inafuka. Kanyiva alikuwa amemaliza gunia la kwanza, na kwa kuwa hajui kukaa bure, alikuwa amemaliza na la pili. Sweta zilining'inia kwenye kamba nyuma ya kibanda. Ya tatu kutoka mwisho ilikuwa ya kijivu, mstari wa kahawia kifuani, imejikunja mpaka ikawa ya kumtosha mtoto wa miaka mitano.

"Hiyo ya kijivu imetoka poa sana," Kanyiva alisema. "Nilichoma uzi, ikanuka nywele. Ni sufu mzuri. Nimeichemsha mara mbili."

Nikashika meza ya cherehani. Ningemwambia nini? Sheria ilikuwa yangu. Na wazo la kwanza lililonijia, naona aibu kulisema, halikuwa la Odhiambo. Lilikuwa kwamba Mama asiione.

Nikamkalisha kwenye stuli, mgongo wake kwenye kamba. Kwa kuwa naye hawezi kukaa bila kazi, nikamwekea mkebe wa vifungo mapajani. "Nisaidie kupanga, Mama. Vikubwa huku, vidogo huku." Nikarudi kwenye cherehani nikijisifu moyoni. Nilisahau kwamba kazi ya Kanyiva huanza na vifungo.

Mama alipanga kwa vidole zaidi ya macho. Vikubwa huku, vidogo huku. Halafu akasimama kwenye kimoja. Akakigeuza, akakisugua kwa kidole gumba, akakisogeza karibu kabisa na jicho.

"Nyar Gem," akaniita. Ndivyo anavyoniita siku zote, binti wa Gem, kwa jina la kwetu, awe amependezwa nami au amekasirika. "Hiki ni cha gauni langu."

Kilikuwa kifungo chekundu, ukingo umemeguka kidogo. Sweta ya Odhiambo ilikuwa na vifungo vitano vya kahawia na kimoja chekundu. Nilikifunga na kukifungua miaka yote ile, sikuwahi kuuliza kilitoka wapi.

"Alipoteza kimoja Desemba ile ya mvua nyingi," Mama alisema. "Nikakata hiki kwenye gauni langu la kanisani. Nilimshonea akiwa ameivaa, maana alikataa kuivua." Akakiweka kiganjani, akaninyooshea. "Mwizi aliiba sweta, akakurudishia kifungo?"

Kanyiva aliacha kukoroga. Kijaluo haelewi, lakini uso wangu haukuhitaji mkalimani.

Nikaenda kwenye kamba, nikaitoa sweta ikiwa bado na unyevu, nikamwekea Mama mapajani. Nikamwambia yote: sanduku, Jumapili baada ya kanisa, gunia. Nikamwambia niliogopa ndugu wangeichukua, aivae mtu mwingine, ianze kunuka mtu mwingine. Kisha nikangoja matusi. Nilikuwa tayari hata kuitiwa wazee.

Mama aliiinua hadi usoni. Akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena.

"Sabuni," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata kidogo hakuna?"

"Hata kidogo."

Akaishusha taratibu, akaanza kuinyoosha mikono yake kana kwamba ingerefuka.

"Mimi sikutaka igawanywe," alisema. "Siku ile ya mkeka nilikuwa nimepanga kuikalia. Ningesema nimechoka, ningeketi juu yake mpaka wote wachague waondoke. Nilitaka kunusa tu, mara moja. Ungeniambia, Nyar Gem. Tungenusa wote."

Miaka miwili nilikuwa nimemfungia nje mtu mmoja aliyetaka kile kile nilichokitaka mimi. Nililia pale pale, mbele ya wasusi na wateja wao wenye vichwa vilivyosukwa nusu, na sikusingizia moshi. Mama hakulia. Alinishika mkono kwa kile kiganja chenye kifungo, kikaniuma, na sikuuondoa.

"Pole, mama," Kanyiva alisema kutoka kwenye sufuria. "Si ulisema kila kitu ya gunia?"

"Nilisema," nikamjibu. "Hujakosa."

Baadaye, chai ilipokuwa imeletwa na mimi nimekwisha kunawa uso, Mama aliuliza sweta kama ile hufanyiwa nini. Nikamwambia glavu.

"Basi kata."

Nilikata mwenyewe. Kutoka kwenye mikono ya sweta nikatoa pea ya Mama, pindo lile lile lililokuwa likikaa kwenye kifundo cha mkono wa Odhiambo likawa pindo la glavu. Za Mama sikuziwekea chumba cha breki, vidole vyake vinne vikae pamoja. Kutoka kifuani nikatoa pea yangu, yenye mstari wa kahawia. Kifungo Mama alikataa kuondoka nacho. Alikishona yeye mwenyewe kwenye glavu yangu ya kulia, kwa kupapasa, na hakukubali nimtungie uzi. Jumamosi akarudi kwake.

Agosti Omollo alinipigia simu tena.

"Shem, hebu niambie, Mama ulimpa nini huko?"

"Glavu."

"Shem, huku ni jua, jua kabisa! Saa saba mchana, na yeye amevaa hizo vitu. Jana akaenda nazo kanisani. Watu wanacheka mpaka pasta anacheka. Nikimwambia azitoe, anasema eti sisi hatujui baridi ya Nairobi."

Nilimwambia amwache azivae. Kisha nikakata simu, maana nilikuwa na glavu za mteja za kumaliza, na kwa muda mrefu sikuweza kuliona tundu la sindano.