Kisu cha Mgema

"Kisu changu kiko wapi?" Tarsis aliuliza tena, ulimi ukiburuta maneno.

Letisia, mkewe, alimsogezea bakuli la uji. "Kipo, Baba Avelina. Kunywa kwanza."

"Onja wewe."

Akaonja. Tarsis alimtazama koo mpaka akameza, kisha akageukia ukutani bila kunywa.

Hakuanza leo kushuku. Kijiji kizima cha Kichiwa kilijua kwamba mgema huyu hakumwachia mtu mwanzi wake hata mmoja. Vijana walipokwenda kupanda miti ya miwati kwenye mashamba ya Wazungu, yeye alibaki akikata machipukizi yake asubuhi na jioni, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ulanzi, ile pombe ya mianzi, udondoke taratibu. Neno dogo likimchoma, alilala nalo, akaamka nalo.

Masika hayo kiharusi kilimwangusha mianzini, kikamwachia mkono wa kuume usio na kazi. Sasa Letisia aligema pamoja na Alois, mdogo wake Tarsis. Kutoka mkekani aliwasikia wakicheka.

Mchana akaja jirani yao Marcelino, mzee aliyepigwa na ugonjwa uleule mwaka uliopita.

"Kamwene!" akasalimu. "Mimi nakula kwa kushoto, wajukuu wanasema nalisha sikio." Akacheka, mdomo ukienda upande.

"Nani amekutuma?"

"Mkeo. Anakuogopea."

"Ananiogopa?"

"Anakuogopea, bwana. Si neno moja."

Mzee alipoondoka, Tarsis akajiburuta hadi kwenye tenga la ulezi, akapekua kwa mkono mmoja. Kisu kilikuwa chini kabisa, kimeviringishwa kwenye kaniki. Letisia akamkuta amekipakata.

"Ulikuwa ukimwekea Alois!"

"Alois ana chake. Ulimwambia Avelina hutauona ulezi mpya. Ukamwambia akuage vizuri. Mtoto alikuja kwangu analia. Ningekiachaje kisu karibu nawe?"

Maneno hayo Tarsis alikuwa ameyasema kweli, akidhani hakuna aliyeyatia maanani.

"Basi kichukue," akasema.

"Nipe mwenyewe."

Hakumpa. Letisia hakumnyang'anya, aliketi chini kando yake, bega lake likigusa lile lililokufa.

"Shemeji!" Alois aliita kutoka mianzini. "Ulanzi unamwagika!"

Tarsis akasikiliza, akingoja mkewe ainuke. Alois akaita mara ya pili. Letisia hakuitika, wala hakuinuka, na mvua ikaanza kupiga nyasi za paa.